Kosa Lina Mwenyewe

"Kerubo, bado una kosa?"

Sauti ilitoka nyuma ya mikungu yangu ya ndizi pale soko la Daraja Mbili, Kisii, sauti ya mzee, kavu kama ganda la mahindi. Mama wa nyanya aliye jirani yangu akaanza kunyoosha shingo, maana huyo umbea kwake ni sukari ya chai. Alidhani nimempunja mtu. Lakini mimi nilijua. Duniani kuna mtu mmoja tu wa kuniuliza swali hilo kwa maneno hayo, na sikuwa nimemwona tangu nikiwa msichana wa kiuno chembamba. Siku hizi kiuno kimehama na hakikuacha habari kimeenda wapi. Nikageuka. Mwalimu Ombati! Fimbo mkononi, kajukuu ka kike kamemshika kidole, na tai shingoni. Tai, sokoni, jamani, katikati ya mitumba na kabichi. Nikamwambia, "Ninalo, Mwalimu. Nimelitunza vizuri." Akacheka, nami nikacheka. Lakini neno hilo dogo, kosa, liliwahi kunifanya nishindwe kumeza hata ugali, na mimi si mtu wa kushindwa na ugali.

Ulikuwa mwanzo wa miaka ya sabini. Mambo ya nyumbani kwetu nayaruka, kila mtu ana kwao. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kidato cha kwanza kikanikimbia, nikabaki nachuma chai ya watu na kuchekesha wachumaji. Ndipo akaja Madam Atieno, mtu wa upande wa ziwa aliyekuwa anasoma chuo kikuu Nairobi. Alitaka kujua akili ya mtoto inapimwa vipi huku kwetu, bila kumpendelea yule wa mjini ambaye ameshaona treni na lifti. Alikodi vyumba viwili upande wa Itumbe, vimetenganishwa na mbao, paa la mabati, dirisha moja moja lisilo na kioo, na nje kidogo tu chai imeanza. Alihitaji watu wawili wa kuongea na watoto kwa Ekegusii, lugha yetu ya Kisii. Wa kwanza alishampata, Mwalimu Ombati, rika la baba yangu, mwalimu wa kweli mwenye kalamu tatu mfukoni. Wa pili nikaenda kujaribu mimi, na miguu yangu ikiwa na matope ya kwetu Nyacheki. "Umesoma mpaka wapi?" Madam akaniuliza. Nikamwambia mpaka mahali mlango ulifungwa. "Unajua hesabu?" Nikasema, "Ya kugawa chakula najua, Madam. Ya kugawiwa ndiyo naijua zaidi." Hakucheka. Mwalimu Ombati alikohoa kama mtu aliyemeza nzi. Kesho yake nikaitwa kazini, na mpaka leo sijui ni kwa nini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto anaingia, anakaa, unamsomea maneno, naye anajibu. Kulikuwa na vibao vya rangi vya kupanga, nambari za kurudia, na picha zenye kitu kilichopungua: jogoo hana mguu, nyumba haina mlango, sufuria haina mpini. Unauliza, "Kitu gani kinakosekana?" halafu unabonyeza saa. Sheria ya Madam ilikuwa kali kuliko ya kanisa la Sabato. Maneno yasomwe vile vile kwa kila mtoto, usiongeze, usipunguze. Akijibu vizuri usiseme vizuri. Akikosea usikunje uso. "Wewe ni mizani tu," aliniambia. "Mizani haisemi pole." Na kwa sababu sauti za huko kwao hazina sh, akaongeza, "Sika hiyo saa vizuri," nami nikashika, nikiuma mdomo. Naye alikuwa anatucheka sisi vile tunavyotamka, kwa hivyo hatudaiani.

Masomo yenyewe tulisomea mezani kwa Mama Kemunto, mama mwenye nyumba, aliyekuwa akitupikia mchana. Ugali wa wimbi, mweusi, unaovuta, na chinsaga, ile mboga yetu chungu, imepikwa na maziwa mpaka imetulia. Madam alikuwa anaitazama ile mboga kama mtu anayesubiri samaki aruke kutoka ndani yake. Hapo ndipo nilijifunza wastani. "Mkate ugali wote," alisema, "mgawane sawa sawa, kipande cha kila mtu ndicho wastani." Nikamwambia, "Sasa Madam, Mwalimu amekula mlima, mimi nimekula kichuguu, wastani unasema sote tumekula kilima. Nani ataliambia tumbo langu?" Mama Kemunto alicheka akashika mlango. Madam, kwa mara ya kwanza, akatabasamu, akanionyesha kuku wa Mama Kemunto uani. Kuku wa boma hili wamejikusanya karibu na mama yao, wa jirani wametapakaa mpaka barabarani. Wastani unaweza kuwa pale pale kwa mama kuku, lakini mtawanyiko si mmoja. Ukitaka kujua watu, usiulize tu wako wapi, uliza wametapakaa kiasi gani. Somo hilo sijalisahau. Hata nikipanga ndizi nalitumia, nusu ya wateja hawajui wanatazamwa na mtu aliyesomea kuku.

Halafu akatufundisha tofauti ya mizani inayosema neno moja kila siku na mizani inayosema ukweli. Mizani ya majani ya chai ikisema kilo zile zile kila ukipima gunia, hiyo haigeuzi maneno. Lakini kama imepinda, itakudanganya kila siku kwa uaminifu. Nilitaka kusema, "Kama Mwalimu," nikajizuia. Tena somo hilo lilikuja na mfano wake wenyewe. Madam alikuwa na maswali yake ya kwanza ya Kiswahili, kabla mtoto hajapangiwa sisi, na moja lilikuwa: baba yako anafanya nini nyumbani? Watoto wakajibu wiki nzima, na Madam akaanza kuwasifu wanaume wa Kisii mezani. Wanapika, wanachota maji, wanafua! Mwalimu Ombati akatulia tu na tai yake, akipokea sifa. Mpaka kasichana kamoja kakamjibu, "Baba ananyonyesha." Madam akaweka kalamu chini. Kwa Ekegusii, neno baba ni mama. Baba mwenyewe tunamwita tata. Sikucheka sana siku hiyo kwa sababu Madam hakucheka kabisa. Alizitupa karatasi zote za swali lile papo hapo, bila kusikitika, kama mtu anayemwaga maziwa yaliyochacha. Nikaona: mama huyu akishuku kipimo, hakihurumii.

Ndiyo maana nilijiona nimekwisha siku niliyosikia jina langu nyuma ya mbao. Nilikuwa nimekaa chumba cha pili na kikombe cha chai, nikipanga vibao, na wao wako upande ule na makaratasi. "Kuna kosa kwa Kerubo," Madam alisema. Vile vile, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema kuna mvua Keroka. Mwalimu akajibu haraka, inaonekana alikuwa amelishika neno hilo kwa meno muda mrefu. "Nilijua. Watoto wake wote wanapanda juu, wangu wako chini. Madam, mimi nimefundisha watoto hawa maisha yangu yote. Hawana majibu hayo. Anawapa." Madam akasema, "Sijasema anawapa." "Msichana wa darasa la saba, Madam! Anataka kupendwa. Ananong'oneza." Kile kikombe nilikishika mpaka chai ikawa baridi. Najua kucheza, najua kutania, lakini mwizi sikuwa, na huku kwetu neno likishatoka nyuma ya mbao linafika sokoni kabla yako.

Nikatoka nje, nikafungua mlango wao. Nikauliza, "Madam, nimefanya kosa gani?" Akasema, "Sikusema umefanya. Nimesema kuna." Akanieleza polepole: kila kipimo kina kosa, hata cha daktari, ni ule umbali kati ya alama tunayoandika na akili yenyewe ya mtoto, na umbali huo si dhambi ya mtu. Sikuelewa, na kusema kweli sikutaka kuelewa. Nikamwambia, "Kwa Kizungu labda, Madam. Kwetu kosa lina mwenyewe." Mwalimu akaangalia dari.

Madam alikuwa mtu wa haki, na haki yake ilikuwa ya kutisha zaidi kuliko hasira. Alisema labda nilipata watoto werevu kwa bahati tu. Basi tukapiga kura: majina yote ya watoto kwenye kofia ya Mwalimu, huyu kwako, huyu kwangu, bila kuchagua. Tukapima. Wangu wakapanda tena, wake wakabaki chini tena. Madam akavua miwani. "Bahati inaweza kuokota kijiti," alisema. "Haiwezi kubeba gunia. Si watoto. Ni nyinyi." Kisha akatoa hukumu: Mwalimu atakaa chumbani kwangu nikipima. Kama alama za watoto wangu zitaanguka nikitazamwa, karatasi zote nilizowahi kupima zitatupwa na mimi nitarudi kuchuma chai. Alisema hivyo akinitazama machoni. Nilitamani angegombana.

Asubuhi hiyo Mwalimu akaweka kiti chake kwenye kona, karibu na dirisha, akakunja mikono. Mtoto wa kwanza akaingia, mvulana wa masikio makubwa. Nikafungua mdomo kusema ninayosemaga, na hayakutoka. Mimi kila mtoto akikaa, kabla hata sijagusa saa, nilikuwa namuuliza amepewa jina la nani. Kwetu mtoto hupewa jina la babu au bibi aliyekufa. Akisema ni la babu yake, namwambia, "Ala! Basi wewe ni bwana yangu, mbona hujaniletea sukari?" Akiwa msichana namwita mke mwenzangu, namgombeza kwa nini ameunguza ugali. Mtoto anacheka, analegea, ananijibu kwa matusi madogo madogo, halafu ndipo nasoma maneno ya Madam kama yalivyo. Sikuwahi kufikiri ni kitu. Ilikuwa kama kupumua. Bibi na mjukuu hutaniana hivyo kila boma. Lakini baba na mtoto, hapana. Hapo kati kuna chinsoni, ile haya ya heshima. Mbele ya mtu wa rika la baba hutanii, hucheki ovyo, humtazami usoni, na kunyamaza ndiyo adabu. Sasa baba mtu amekaa kwenye kona na tai. Mimi mwenyewe nikawa mtoto. Nikasoma maneno kwa sauti ya mazishi. Mvulana akaangalia vidole vyake vya miguu. "Kitu gani kinakosekana?" Kimya. Jogoo wa mguu mmoja akamwangalia, naye asithubutu kusema mbele ya mkubwa kwamba jogoo wa mkubwa ana kasoro. Akaja wa pili, kimya. Wa tatu akajibu moja, akashtuka na sauti yake.

Mchana Mama Kemunto alipakua. Madam alikuwa amehesabu. "Wameanguka," akasema. "Wako sawa na wa Mwalimu." Nikasema, "Madam, siwezi kufanya kazi hii akinitazama." Nilipolisikia likitoka nilijua nimejimaliza. Madam akajibu polepole, "Hata mwizi hawezi kuiba akitazamwa, Kerubo." Nikajaribu kumweleza mambo ya utani, ya bibi na mjukuu, lakini ulimi uliokuwa umechekesha Nyacheki nzima ukawa kipande cha mti, na Mwalimu akamalizia, "Mtihani ni mtihani. Mtoto lazima aogope kidogo." Kesho ilibaki kundi la mwisho. Chinsaga siku hiyo ilikuwa chungu mpaka maziwa yake.

Kesho yake Mwalimu yuko konani, mimi niko mezani, na mtoto wa kwanza hakuja peke yake. Alikuwa kasichana kadogo kanaitwa Bochaberi, kanalia, kameletwa na bibi yake, na bibi akaingia moja kwa moja mlangoni, mguu ndani, akitusalimu, "Bwakire!" Nilimsikia Mwalimu akivuta pumzi. Sijui kama umewahi kuona mtu mzima mwenye kalamu tatu akiruka dirishani. Mimi nimeona. Yule mama alikuwa mama mkwe wake, mama wa mke wake mwenyewe, na mkwe kukaa chumba kimoja kidogo na mama mkwe, magoti kwa magoti, hiyo si aibu ya kawaida, hiyo ni laana. Mlango ni mmoja, na mama mkwe yuko ndani yake. Basi Mwalimu akapita alipoweza, tai ikapepea, nikasikia puu! kwenye chai. Bibi alikuwa ameona, lakini akajifanya ana shida na leso yake, kama inavyotakiwa. Akanikabidhi mtoto, akatoka, akakaa kwenye benchi kando ya njia, akaanza kuambua maharagwe. Njia ni hiyo moja. Kwa hivyo Mwalimu Ombati akakwama chini ya dirisha langu, katikati ya ukuta na majani ya chai, hawezi kurudi, hawezi kuondoka.

Nami sikumkumbuka tena, Mungu ni shahidi. Nilikuwa nimeshajiona nimefukuzwa, na mtu aliyefukuzwa hana la kuogopa. Nikamwuliza Bochaberi amepewa jina la nani. La mama ya babu, akasema akivuta kamasi. "Mke mwenzangu!" nikamwambia. "Wewe ndiye uliniachia vyombo vichafu?" Akanitazama. Akatazama mlango. Akasema, "Ni wewe ulikula ukaenda." Nikapiga makofi. Tukagombana kidogo kuhusu vyombo, kisha nikamwambia sasa ni kazi, nikabonyeza saa, nikasoma maneno ya Madam moja baada ya jingine bila kuongeza hata pumzi. Jogoo? "Mguu." Nyumba? "Mlango, hawa wanaingilia wapi, dirishani?" Niliuma mdomo mpaka karibu utoke damu. Vibao akapanga. Nambari akarudisha, mbele na nyuma. Sikusema vizuri. Sikukunja uso. Nilikuwa mizani.

Bibi alipoondoka na mjukuu wake, saa ya chai, Mwalimu akaingia chumba cha Madam na majani kichwani na goti lenye matope. Nilikuwa nimesimama pale na karatasi ya Bochaberi, yenye alama za juu sana, na hakukuwa na mtu wa kunitetea. Madam akaisoma. "Ulikuwepo?" akamwuliza Mwalimu. Sasa angeweza kusema lolote. Angesema hakuwepo chumbani, ikawa kweli. Angesema nilinong'oneza, ikawa mwisho wangu. Alipangusa goti, halafu akasimama wima kama yuko mbele ya gwaride. "Nilikuwa nje, chini ya dirisha. Nimesikia kila neno. Hakumpa jibu hata moja." Mabati yalikuwa yanalia kwa jua. Mwalimu akanyoosha tai yake. "Anataniana nao kama bibi yao, kabla ya saa. Mimi nikiingia, wanaona baba. Mtoto wetu mwenye adabu hajibu baba. Madam, unatafuta kosa liko wapi. Kosa ni mimi."

Madam akaanza tena yale maneno, kwamba si kosa la namna hiyo, kwamba hakuna wa kulaumiwa, ni umbali tu kati ya alama na akili. Mwalimu akamkatiza, naye hakuwa mtu wa kukatiza wanawake wasomi. "Kwetu," akasema, "kosa lina mwenyewe." Maneno yangu, ameyachukua bila kuyaangalia mara mbili.

Nilibaki kazini. Karatasi zangu zilibaki pia, na zilizotupwa zilikuwa zake, zote, kama yale maswali ya baba anayenyonyesha. Madam alitaka Mwalimu ajifunze kutania, na mimi ndiye nikawekwa kumfundisha. Nilimwambia, "Kwa msichana sema tu, wewe ni mke wangu." Alijaribu kwa meza, alijaribu kwa ukuta. Akija mtoto wa kweli, jasho linamtoka na anasema, "Keti vizuri." Haikuwa kiburi, sasa naona, na wakati ule nilidhani ni kiburi. Mtu hawezi kuruka rika lake kama dirisha. Siku moja hakuja. Alikuwa amerudi shuleni kwake, hakuniaga. Nilizunguka na Madam mpaka upande wa Nyamira, nikajua mengi: namna ya kuangalia kama kipimo kinajirudia, namna ya kuuliza kinapima nini hasa. Nilikuwa nimeshinda, na nilikuwa nikila vizuri, lakini kila nikifika pale pa "kitu gani kinakosekana" niliona kona yenye kiti kitupu. Kazi yake aliipoteza kwa kusema ukweli ambao hata angeuficha hakuna mtu angemkamata. Sijui kama mimi, chini ya dirisha lile, ningesema.

Hayo yote yalinipitia pale Daraja Mbili, mzee amesimama mbele ya ndizi zangu na sisi wawili hatujui tuanzie wapi. Yule mjukuu alikuwa ameishika tai yake, anaivuta kama kamba ya mbuzi. "Bwana yangu, twende nyumbani," kakasema, "unaongea sana na wanawake." Na Mwalimu Ombati, huyo huyo wa "keti vizuri", akajibu, "Nyamaza wewe, hata ugali hujui kupika, nitaoa huyu wa ndizi." Nilishika meza. Akaniona vile nilivyomtazama. "Nimeshakuwa babu, Kerubo," akasema. "Ruhusa ilikuja, ila ilikuja baada ya kazi kwisha. Niletee watoto wale sasa uone."

Basi nikainama nikamtazama mtoto, kisha nikamwonyesha babu yake kwa kidole, kuanzia kofia mpaka viatu, na nikasema kwa sauti ile ile ya zamani, bila kuongeza wala kupunguza: "Kitu gani kinakosekana?"

"Meno!" akasema, hakungoja hata pumzi.

Mama wa nyanya alicheka mpaka nyanya zikaviringika. Mwalimu alicheka kuliko wote, mdomo wazi, na kweli hayakuwepo. Kisha akafuta macho kwa ncha ya tai, akasimama wima, akanigeukia.

"Andika, Kerubo," akasema. "Amepata."